Baba Hakuwahi Kutoa Kumi

Zinga, 5 Februari 2026

Dada yangu Mwanaharusi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Jana nimekupigia mara tatu, unaitika "nani? nani?" halafu unakata. Masikio yako yamekuwa ya kuandikiwa, basi acha nikuandikie. Na hata ungekuwa unasikia, nyumba hii bado ina watu, kila ninachosema chumbani kinafika ukumbini kabla yangu.

Tangu uondoke baada ya hitma, mimi nipo. Watu wananiuliza hali, nawaambia alhamdulillahi, na sina cha kuongeza. Nakula nikiletewa. Naswali kwa wakati. Sijalia, dada. Uliona mwenyewe siku ile, jeneza la Rajabu linatolewa ndani, wanawake wote wanalia, mimi nawaza ni nani ameepua wali. Mpaka leo niko hivyohivyo, kama mguu uliokufa ganzi, unaugusa unajua ni wako lakini hausikii kitu.

Lililonifanya nishike kalamu ni la mwanangu Adila. Unakumbuka siku ya kuanua matanga shemeji Ausi alivyosema. "Mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani wa kidato cha sita. Akiambiwa atarudi, na akirudi hapa hatatoka tena. Marehemu alitaka asome." Akampigia simu mkuu wa shule kulekule Njombe, wakakubaliana. Mimi nikasema sawa. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilisema sawa.

Sasa sikiliza. Siku ya tano ya msiba ikaja barua ya Adila. Ndani yake majibu ya zoezi la Kiingereza. Unajua Rajabu alivyokuwa. Alistaafu ualimu lakini ualimu haukumstaafu. Kila mwezi anamwandikia mtoto habari moja ya Kiingereza ukurasa mzima, chini yake maswali kumi ya ufahamu. Mtoto anajibu, anarudisha, baba anasahihisha kwa kalamu nyekundu, anatuma na habari nyingine. Desemba aliketi akaandika azimio la kazi kabisa, kama vile ana darasa la watoto arobaini, na habari zote za mpaka Aprili ziko kwenye kauntabuku tayari. Majibu hakuyaandika popote. Majibu yalikuwa kichwani mwake.

Nisipomrudishia mtoto karatasi yake iliyosahihishwa atajua kuna jambo. Na mimi nimeishia darasa la saba, Kiingereza changu ni cha kusoma pakiti ya sabuni. Tena niko eda, siwezi kutoka nikatafute mtu, na nikimpa mtu humu kijijini kesho habari imefika Njombe.

Niambie, dada. Nifanyeje? Na uniambie pia kama ni dhambi.

Mdogo wako,
Shamsia


Vigwaza, 11 Februari 2026

Shamsia,

Marahaba. Barua imefika, nimeisoma kwa miwani ya shemeji yako, yake inanifaa kuliko inavyomfaa yeye. Hapa ananifokea mpaka majirani wanaitika, mimi nasikia upepo tu. Nimepumzika sana.

Wewe tangu utoto ukiambiwa kaa, unakaa. Mama alikuambia umshike kuku, akasahau, akaenda kisimani, akarudi jioni umemshika kuku. Sasa Ausi kakupa kuku mwingine.

Mimi ningemwambia mtoto. Huo ndio ushauri wangu, na najua hutaufuata, kwa hiyo nakupa wa pili. Karatasi ikiwa imejaa na mwandiko ni mzuri, weka tiki. Mtoto mwenyewe ana akili, mengi atakuwa amepata.

La dhambi muulize shehe, mimi siyo shehe. Ila kuna jambo linanikera na nitalisema. Mtoto huko aliko hajamwombea baba yake dua ya maiti hata moja. Dua za sisi wengine wote Rajabu anazo. Ya mwanawe hana. Hilo Ausi hakuliweka kwenye hesabu zake.

Kula. Usile kwa kuletewa tu, omba.

Dada yako,
Mwanaharusi


Zinga, 13 Februari 2026

Mwanangu mpenzi Adila,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, hofu ni kwako na baridi ya huko. Vaa lile sweta, usimwazime mtu.

Baba yako amepokea majibu yako, amesahihisha, utayaona humu pamoja na zoezi la pili. Hakuandika maneno mengi pembeni kwa sababu macho yanamsumbua, yameingia ukungu. Usiwe na wasiwasi. Anasema ujitahidi.

Siku ya wazazi kutembelea sitaweza kuja, nina shughuli hapa nyumbani. Jirani yetu Tabia ndiye anayenipelekea barua posta Bagamoyo akienda kununua unga wa maandazi yake, anakusalimu sana. Baba mkubwa Ausi pia anakusalimu.

Soma, swali, kula.

Mama yako,
Shamsia


Shuleni, Njombe, 24 Februari 2026

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo yake, tena umpe mkononi, usiiache mezani. Ramadhani huku ni ya baridi. Daku tunapewa viazi, futari tunapewa viazi vilevile vimekaa kutwa vikitafakari.

Mama, muulize baba, anaumwa nini? Amenipa kumi kwa kumi. Nimehesabu tiki mara mbili nikidhani za mtu mwingine. Baba hakuwahi kutoa kumi. Tangu kidato cha tatu nafanya mazoezi yake, nilichowahi kupata cha juu ni saba, na siku ile aliandika pembeni, "Saba hii nimekukopesha." Kila swali alikuwa ananiandikia kitu. "Rudi aya ya pili." "Umejibu usichoulizwa." "Hii ni imani yako, siyo habari iliyoandikwa." Nilikuwa namkasirikia, na sasa kwa kuwa hakuna neno hata moja nakasirika zaidi.

La sita najua nimekosa. Mwalimu wetu wa hapa nilimwonyesha, akasema nimekosa. Baba akaweka tiki.

Mama, baba amenikasirikia? Kabla sijaondoka nilimwambia maneno. Alitaka nibaki siku mbili zaidi tumalize habari moja, nikamwambia mitihani imebadilika, mazoezi yake ni ya zamani. Akaendelea tu kufunga sanduku langu kamba. Kama ndiyo hilo, mwambie nimekosa adabu na anisamehe. Asinipe kumi za kunifukuza.

Mtihani ni Mei. Bila yeye kunikosoa nitaanguka, hilo nalijua. Naambatisha majibu ya zoezi la pili. Mungu ampe afya ya macho, namwombea kila baada ya swala.

Mwanao,
Adila


Zinga, 5 Machi 2026

Dada yangu Mwanaharusi,

Shikamoo. Ramadhani kareem. Nimepokea tende ulizotuma.

Barua ya mtoto imekuja. Ametukana viazi vya shule, nikajikuta nacheka peke yangu, Tabia akachungulia kuona kama nimerukwa na akili. Baadaye nikasoma kwa chini. Amesema anamwombea baba yake afya. Kila baada ya swala, dada. Kule mtoto anaomba afya, huku tunaomba rehema, sijui zinakutana wapi.

Kuna maneno walisemezana siku ya kuondoka, mimi sikuyajua. Anadhani baba yake kamnunia. Na mimi sina namna ya kumwambia kuwa Rajabu hakununa. Siku ileile jioni alinunua kalamu nyekundu mbili mpya akaziweka juu ya kauntabuku.

Nimemwambia shemeji Ausi, mtoto ameshtuka, tumwambie. Alikaa pale kizingitini, mimi ndani ya pazia. Akasema, "Shamsia, miezi miwili. Umeshindwa miezi miwili?" Nikasema sawa.

Basi nimeanza kuweka makosa. Nimekaa na karatasi baada ya alasiri, nikasema bismillahi, nikaweka kosa la tatu na la saba. Sikujua nachagua kwa kitu gani. La tatu nililiona fupi. La saba lilikuwa limefutwafutwa. Niliona kama nampiga mtoto kibao gizani bila kujua amefanya nini. Juu nikaandika nane, na sahihi ya Rajabu ile ya mkia mrefu. Mkia ninauweza sasa.

Nisamehe nakuchosha. Wewe ndiye pekee ninayemwambia.

Shamsia


Shuleni, Njombe, 17 Machi 2026

Baba yangu,

Shikamoo. Leo nakuandikia wewe mwenyewe, mama atakusomea kama macho bado.

Asante kwa nane. Lakini la tatu nakataa, nalikatia rufaa. Swali lilikuwa, mwanamke wa kwenye habari alipeleka chumvi wapi. Jibu liko aya ya kwanza, mstari wa nne, neno kwa neno, na mimi nimeliandika vilevile. Umeniwekea kosa. Na la saba, mwalimu wa hapa anasema nimejibu kuliko wote. Tumekaa na wenzangu wa mchepuo wetu wa HKL, tumelipigia kura. Kura kumi na mbili kwa sifuri, baba.

Sikuandikii kwa ubishi. Nilikosa kukwambia yale maneno ya sanduku. Mitihani haikubadilika. Ni mimi nilikuwa na hamu ya kuondoka.

Likizo fupi hatutakuja, kidato cha sita tunabaki kambi. Niliomba kupiga simu nyumbani, nimeambiwa nisubiri. Zoezi la tatu nimelifanya, ile habari ya mzee wa Mapinga aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Nimecheka. Yule mzee ulimwandika unamfahamu, usikatae.

Naomba ulisome lote, baba. Hasa la nane. Nakuomba sana lile la nane ulisome.

Idd njema mbele. Mwanao,
Adila


Zinga, 27 Machi 2026

Dada,

Shikamoo, na Idd mubarak iliyopita. Idd nimekaa ndani na kaniki yangu, bila wanja, bila udi. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia mlangoni wanione, kama vile mimi ni mwali wa zamani. Niliwapa visheti.

Zoezi la tatu nimelisahihisha. Safari hii nimetulia zaidi. Mtoto alimwomba baba yake asome la nane, basi nikaanza na la nane. Lilikuwa refu kuliko yote, mistari mitano, mwandiko umenyooka kama mstari wa jeshi. Nikasema huyu hapa kajitahidi kweli. Nikampa tiki kubwa, nikaikoleza mara mbili ili aone kuwa baba yake ameliona. La pili na la kumi nikaweka kosa. Tabia amepeleka posta leo asubuhi.

Nadhani safari hii moyo wake utatulia.

Mimi vilevile tu. Nimebakiza miezi miwili ya eda. Jana nimefua shuka, nikaanika, nikaanua, nikakunja, halafu nikagundua sikumbuki hata moja katika hayo.

Shamsia


Shuleni, Njombe, 6 Aprili 2026

Mama mkubwa,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua yangu, tangu Idd ya mwaka juzi sijakuandikia. Usinitukane kwanza, nitakuja nitukanwe ana kwa ana.

Mama mkubwa, sikuulizi. Nakwambia.

Zoezi la tatu, swali la nane lilikuwa, kwa nini mnunuzi wa pili alinyamaza. Mimi sikulijibu. Niliandika hivi kwa Kiingereza: "Baba, kama unasoma hapa, niwekee kosa. Hili siyo jibu. Nimeliandika kwa sababu naogopa. Niwekee kosa moja tu nitajua ni wewe. Ukiweka tiki nitajua pia." Jana limerudi na tiki kubwa, imekolezwa mara mbili.

Nimekaa nayo kitandani. Nilifikiri nitapiga kelele, nikasubiri, haikuja. Nikaenda kupanga foleni ya chakula.

Baba alikuwa ananifundisha kwamba majibu mengine hayakuandikwa mahali pamoja, unayaokota aya hii na aya ile. Basi nikaokota. Mama hajaniambia hata mara moja kwamba ametoka nyumbani tangu Januari. Barua zote zinapelekwa na Tabia. Siku ya wazazi ana "shughuli." La baba aliloniandikia ni moja tu, kwamba anasema nijitahidi, na baba hajawahi kunyamaza wiki nzima. Nilipoomba simu, mkuu wa shule aliinuka kwenye kiti akaniambia, "Subiri umalize mtihani, mwanangu." Miaka miwili anatuita kwa namba.

Mama yupo eda. Sivyo?

Nakuomba mawili. Usimwambie mama kuwa najua. Ameshajifunza mpaka sahihi ya baba, nimeiangalia kwa karibu, ameifanyia mazoezi. Akijua kuwa najua sijui atashika nini. La pili, niambie ni lini, nianze kumwombea inavyopasa. Nimekuwa namwombea macho.

Adila


Vigwaza, 15 Aprili 2026

Adila mwanangu,

Marahaba. Kukutukana nimekutukana tayari, mwaka juzi na mwaka jana, kwa hiyo hunidai.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 21 Januari. Amezikwa siku ileile baada ya alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mengine yote ni ya mama yako kukwambia, na hata hayo machache nimeyachukua mkobani mwake bila ruhusa. Nimekwambia kwa sababu dua haingoji mtihani.

Anza leo. Soma Yasini ukiweza. Ukishindwa, soma Fatiha, na ukishindwa hiyo taja jina lake tu useme Mungu amrehemu Rajabu bin Mrisho.

Sitamwambia mama yako. Haya, sasa mimi kiziwi nimekuwa ghala. Yeye ananiambia asiyotaka wewe ujue, na wewe unaniambia usiyotaka ajue, na mimi nikikaa na shemeji yako jioni namwangalia tu, ananiuliza unawaza nini, namwambia sijasikia.

Ule mtihani ufanye. Siyo kwa ajili ya baba mkubwa wako Ausi. Ufanye tu.

Mama yako mkubwa,
Mwanaharusi


Shuleni, Njombe, 17 Aprili 2026

Mama yangu,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo.

Mwambie asante kwa tiki ya la nane, nimefurahi sana. Zoezi la nne nimelifanya, liko humu. Mwambie asichoke kusahihisha, nikikosa nikipata ni sawa.

Huku mvua. Nakula vizuri. Sweta halijaazimwa.

Mwanao,
Adila


Zinga, 25 Aprili 2026

Mwanangu Adila,

Assalaam aleikum. Nimefurahi umefurahi. Baba yako pia amefurahi.

Hili ndilo zoezi la mwisho kwenye azimio lake. Amesema baada ya hili upumzishe kichwa. Usilirudishe, hakuna muda. Lifanye, ujisahihishe mwenyewe.

Mimi na wewe tuombeane. Siku ya mtihani soma dua kabla hujageuza karatasi.

Mama yako,
Shamsia


Shuleni, Njombe, 8 Mei 2026

Mama,

Shikamoo.

Kiingereza nimemaliza jana, karatasi zote mbili. Ufahamu ulikuwa habari ya watu waliohamishwa kupisha bwawa. Nilisoma maswali kwanza, ndipo nikasoma habari, kisha nikarudi kwenye maswali. Sikujibu nisichoulizwa. Sijui nimepata ngapi. Nilipotoka nje wenzangu walikuwa wanarukaruka, mimi nikakaa kwenye ngazi, sikuwa na furaha wala huzuni, nilikuwa nimekaa tu.

Imebaki historia na Kiswahili. Nitaondoka hapa tarehe 23.

Mama, usishtuke, na kama umesimama kaa. Najua. Nimejua tangu mwezi wa nne. Lile jibu la nane halikuwa jibu. Nilikuwa namwambia baba aweke kosa, wewe ukaweka tiki. Usijilaumu, ungelijuaje. Tarehe mama mkubwa aliniambia, nilimlazimisha. Nimekuwa nikimwombea baba kila siku tangu hapo, dua yenyewe hasa, kwa hiyo kama ulikuwa na wasiwasi kwa hilo, uutue.

Nina ombi moja. Najua wamepanga. Nitashuka Zinga, baba mkubwa Ausi atakuwepo stendi, atanishika mkono, wanawake watanisubiri barazani, mtu ataanza kulia na wote watafuata, na nitaambiwa na kilio cha watu ishirini kabla hujanifikia wewe. Sitaki hivyo. Nataka uniambie wewe, kwa kalamu yako, kabla sijatoka hapa. Niandikie sentensi yenyewe. Kila mtu ameniambia kwa kutoniambia. Nataka niisome mahali imeandikwa.

Mwanao,
Adila


Zinga, 14 Mei 2026

Mwanangu Adila,

Baba yako amefariki.

Nimeandika hapo nikaweka kalamu chini. Nimekwenda nikanywa maji, nimerudi, bado iko palepale. Ni sentensi fupi. Sikujua kuwa ni fupi hivi.

Alifariki Jumatano tarehe 21 Januari, saa nne asubuhi. Alikuwa ameamka vizuri, amekunywa chai, amegombana na Tabia kuwa maandazi yamepungua ukubwa. Akaingia chumbani kutafuta miwani. Niliposikia kimya nikaita, "Mwalimu, umeiona?" Hakujibu. Nilimkuta amekaa sakafuni ameegemea kitanda kama mtu anayefunga viatu. Daktari alisema ni moyo. Hakuumwa siku nyingi, hakuita mtu, na hapakuwa na neno la mwisho, watu watakwambia lilikuwepo lakini mimi ndiye nilikuwepo. Alikoshwa na baba mkubwa wako na watu wa msikitini. Kaburi liko upande wa babu yako, hatua nne kutoka ukutani, nimeelezwa, mimi sijafika.

Yale maneno ya sanduku. Hakukasirika. Ulipoondoka aliniambia, "Huyu anajibu kama mtu anayejua mahali pa kutafutia." Aliisema kama sifa. Mimi sikujua anazungumzia nini, nimejua kwenye barua yako.

Baba mkubwa wako hajui kama nakuandikia. Ameniambia jana tena, mpaka tarehe 23. Nikasema sawa, halafu nikaingia ndani nikachukua karatasi. Akiuliza nitamwambia. Umebakiza historia na Kiswahili, ukiweza fanya, ukishindwa njoo, hakuna atakayekuuliza hapa nikiwepo mimi.

Na stendi hatakuja mtu. Nimemtuma Tabia akawaambie hivyo wote, na baba mkubwa wako pia. Baraza litakuwa tupu. Utanikuta chumbani, eda yangu itakuwa imebakiza siku chache. Sijalia mpaka leo, Adila, nakwambia mapema usije ukadhani vingine. Labda tutalia, labda tutakaa tu.

Sasa nikwambie lile ambalo hata dada sijamwambia. Shemeji aliposema tukufiche, nilisema sawa, na kila mtu alidhani nimetii. Ningeweza kukataa. Mara ya pili, ile ya mwezi wa tatu, ningeweza kabisa. Siyo mtihani wako ulionizuia. Zinga nzima walikuwa wameshamzika, wameshasoma hitma, wameshagawana nguo zake. Duniani kote ilikuwa imebaki nafsi yako peke yake ambayo kwake Rajabu alikuwa bado anaumwa macho tu, na mimi nilitaka pabaki mahali pamoja kama hapo.

Nimekutwisha jambo hilo bila kukuuliza. Niwie radhi.

Mama yako,
Shamsia